Bwana Shamba Elipidius Kahigi na Swali la Kihanga

Baba Paroko, viongozi wa kata na kijiji, ndugu, majirani na wote mliofika hapa Bugene kumsindikiza mzee wetu, familia imeniagiza nisome maisha ya Elipidius Kahigi kama yalivyokuwa, bila kumwongezea sifa ambazo mwenyewe angezikataa.

Elipidius alizaliwa tarehe 14 Septemba 1952 huko Kanoni, mtoto wa tatu wa mzee Kahigi na mama Beata, wakulima wa ndizi na kahawa, akabatizwa mwezi uliofuata, na bibi alikuwa akisimulia kila Krismasi kwamba mtoto hakulia maji yalipomgusa, alimkodolea padri macho tu kana kwamba anataka kujua maji yanatoka wapi, jambo ambalo hatuna namna ya kulihakiki.

Alianza darasa la kwanza Kanoni mwaka 1960, akaendelea na shule ya kati hapa Bugene, kisha sekondari mjini Bukoba hadi mwaka 1971, akajiunga na chuo cha kilimo, na tarehe 1 Julai 1974 akaajiriwa kuwa bwana shamba. Alifanya kazi Kihanga, Kanoni na vijiji ambavyo leo viko Wilaya ya Kyerwa, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki, bomba la dawa mgongoni, na kwa miaka thelathini na minane aliwafundisha watu namna ya kuua viwavi, kazi aliyoifanya vizuri sana.

Tarehe 19 Juni 1976 alifunga ndoa na Sperancia, wakajaliwa watoto wanne, Dastan, Mackrine, Placidius na msomaji wa historia hii, na wajukuu tisa.

Kwa watu wengi maisha yangeishia kwenye kustaafu, lakini ya Elipidius yaligeuka siku ya Jumatano, tarehe 7 Machi 2012, miezi sita kabla ya kustaafu, alipoitwa Kihanga na mama Nyirabageni, ambaye yuko nasi hapa, kwa sababu mti wa kivuli katikati ya mibuni yake ulikuwa umejaa viwavi weusi, wanene kama kidole gumba, wenye miiba ya manjano na vidoa vyekundu ubavuni. Elipidius alishusha bomba, akaanza kuchanganya dawa, na mama Nyirabageni, aliyekuwa ameshika kiuno akiwatazama viwavi, akamuuliza, "Bwana shamba, huyu akikua anakuwa nani?" Elipidius alifungua mdomo ajibu, akagundua kwamba hajui. Alikuwa ameua viwavi wa kila rangi kwa karibu miaka thelathini na minane, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwacha akue.

Angeweza kusema "ni kipepeo," akapulizia, akaondoka, na hakuna ambaye angemshtaki. Badala yake aliomba kopo, akachukua viwavi kumi na wawili pamoja na tawi la mti wao, akamwambia mama huyo, "Nipe muda, nitakuletea jibu."

Wale kumi na wawili walikufa wote, kwa sababu aliwawekea majani ya jana. Waliofuata, mwaka 2013, hawakutoka wao bali vijinyigu vidogo vilivyokuwa vimewala kutoka ndani, na Elipidius aliandika hayo katika daftari lake kwa mwandiko uleule aliokuwa akiandikia taarifa za wilaya. Sebule ilijaa mabeseni yaliyofunikwa vipande vya chandarua, na ukilala kwetu ulisikia usiku kucha kitu kama manyunyu juu ya bati, kumbe ni vinyesi vya viwavi vikidondoka kwenye magazeti. Sperancia aliwapiga marufuku chumbani, akaongeza kwamba yeye aliolewa na mtu mmoja tu.

Kwa kuwa ndani ya beseni jibu halikutoka, Elipidius aliamua kulialika kutoka nje, na Ijumaa ya tarehe 14 Novemba 2014 alitundika shuka nyeupe uani, akaiwashia taa kubwa, akaweka viti viwili. Majirani waliona mwanga na shuka, wakaelewa wanavyoelewa watu wa huku, na kabla ya saa tatu usiku jirani yetu Rwegasira alikuwa ameshafika na mkungu wa ndizi, nyuma yake akina mama na kuni, mmoja ameshaanza kulia tangu barabarani. Rwegasira aliuliza, "Nani ametutoka?" na Sperancia akamjibu, "Bado hajafa mtu, shemeji, ila huyu mume wangu akiendelea hivi, rudini Jumamosi."

Walinuna kidogo, lakini ndizi zilikuwa zimeshafika, zikamenywa, zikapikwa, na watu wakakaa kutazama nondo wakitua kwenye shuka, wa kijivu, wa kijani, mmoja mkubwa kama kiganja mwenye macho mawili kwenye mbawa. Elipidius aliulizwa kama ndiye yule wa Kihanga, akasema huenda, lakini hakuna nondo aliyekuja na cheti cha kuzaliwa. Tangu hapo kila mvua za vuli zilipoanza shuka ilitundikwa, watu wakaja wenyewe, wakaita ule mkutano "msiba wa nondo".

Mwaka 2016 nondo mmoja alitoka kwenye udongo wa ndoo ambamo viwavi wa Kihanga walikuwa wamejichimbia, lakini hakukuwa na kitu cha kupanda ili anyooshe mbawa, akabaki amekunjamana kama karatasi iliyosahaulika mfukoni, asijulikane ni nani, na Elipidius hakula siku hiyo. Kuanzia hapo kila ndoo iliwekwa kijiti. Mwaka 2018 mtaalamu mmoja alitazama picha ya kiwavi kwenye simu, akataja jina refu la Kilatini, Elipidius akamshukuru, akaliandika, kisha pembeni akaandika, "Sijamwona." Na kila alipokutana na mama Nyirabageni sokoni Kayanga mazungumzo yalikuwa yaleyale, "Shikamoo bwana shamba, amekuwa nani?" "Marahaba mama. Bado."

Tarehe 3 Mei 2024 viwavi sita wa aina ile ya Kihanga walijichimbia kwenye udongo wa ndoo ya bluu, na mpaka leo hawajatoka. Presha aliyokuwa nayo tangu mwaka 2019 ilikuwa imeshagusa figo, na mwezi Februari mwaka huu alianza kulazwa mara kwa mara, akiwa kitandani haulizi habari za ng'ombe wala za mibuni, anauliza, "Sperancia, ndoo imetikisika?" Sperancia, yule aliyeolewa na mtu mmoja tu, alikuwa akiunyunyizia maji udongo ule kwa vidole kila asubuhi kabla ya kupanda bodaboda kwenda hospitali.

Elipidius alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa kumi na mbili jioni, akiwa na miaka sabini na mitatu. Usiku ule tuliwasha taa uani, na majirani wakaona mwanga, wakasema mvua zimeanza, bwana shamba yuko na nondo wake, wakalala. Mzee Rwegasira alifika asubuhi, na mpaka leo bado anaomba msamaha, nasi tunamwambia hadharani kwamba hana kosa.

Juzi, wakati wa kutoa vyombo ndani ili waombolezaji wapate pa kukaa, vijana wa kaburi waliichukua ndoo ya bluu wakachanganyie zege, na mama yetu, ambaye kama mjane hatakiwi kunyanyuka mkekani, alinyanyuka, akapiga kelele, "Hiyo ndoo ina watu!" Ilirudishwa udongo wake ukiwa haujamwagwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Bugene kwa ndizi za misiba yote, wa kweli na ule mwingine, na mabwana shamba wastaafu waliokuja kutoka Kyerwa. Usiku wa leo taa zitawaka, nondo watakuja, tunaomba wasipigwe kwa kandambili.

Mama Nyirabageni, marehemu ameagiza ndoo iende kwako Kihanga, uinyunyizie maji kidogo asubuhi, na kijiti kisiondolewe.

Pumzika, bwana shamba. Akitoka, tutakuja kukuambia.