Kaswera na Konokono Wake wa Beseni Tatu

Papa na mama wote mliokuja kutufariji, mimi ni Grégoire, kaka mkubwa wa marehemu, familia imenipa karatasi hii niisome, nami nitaisoma, ingawa si yote iliyomo nakubaliana nayo.

Apolline Kaswera alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1974, akasoma huko hadi diplome d'État, cheti cha kumaliza sekondari, mwaka 1993, akapata licence, yaani shahada, ya biolojia mwaka 1999, akaja Goma, akafundisha shuleni mtaa wa Mabanga miaka ishirini na mitano. Tarehe 8 Julai 2000 aliolewa na Élisée, ambaye mwaka 2008 alimrudisha kwetu kwa kuwa hakuzaa, na sisi tulimpokea kama mzigo uliorudishwa, hakuna aliyeuliza kama tatizo lilikuwa la Élisée.

Kuhusu watoto, karatasi inasema hakuacha mtoto, ndivyo kikao cha familia kilivyoamua.

Mwaka 2019 alileta konokono wa maji kutoka kijito cha Kiwanja, akawafuga nyumbani kwetu ndani ya beseni tatu, akamtenga mmoja angali mchanga ndani ya kikombe, na yule, bila mwenzake, akataga, maana kila mmoja wao ni dume na jike, mayai ishirini ndani ya ute ulionata chini ya kipande cha plastiki kilichoelea majini, siku ya tatu vitoto vinazunguka ndani ya yai, siku ya nane vinatoka na magamba yao. Alitaka kujua kama uzao wa aliye peke yake hudhoofika, akafika kizazi cha kumi na sita, kila yai limeandikwa daftarini, nasi tukimcheka wakati wa kula.

Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, alikwama mtaa wa Katindo kwa mwanafunzi wake Bénie, robinet za maji zimekauka mji mzima, nyumbani tuko watu kumi na mmoja, basi mimi, si mwingine, nilichuja maji ya beseni zake tatu kwa kitambaa, nikachemsha, tukanywa, mayai na konokono nikavitupa juu ya mawe. Aliporudi akaangalia beseni, akaniambia mimi kaka yake, "Yaya, mulikunywa batoto yangu," nami nikacheka. Kiu ilikuwa ya kweli, lakini kile kicheko nakijutia mpaka leo, na sikumwomba msamaha.

Chini ya kile kipande cha plastiki alimkuta konokono mmoja aliyebaki, akaanza upya ndani ya kopo la maziwa. Aprili figo zilianza kumsumbua, akalazwa tarehe 2 Oktoba, kopo akamwachia Bénie, si sisi, akafariki Jumapili tarehe 19 Oktoba 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari waliohangaika bila dawa, majirani wa Mabanga, walimu wenzake, na zaidi Bénie, ambaye jana aliniletea lile kopo, konokono wadogo kumi na saba wametoka siku moja baada ya kifo. Ule mstari wa watoto nimeufuta kwa kalamu yangu, wa familia wanisamehe au wasinisamehe.

Lala salama, Kaswera. Leo asubuhi nimewabadilishia maji.