Mia Sita za Felismina na Mashine ya Jasi

Benchi ni langu. Nalisema mapema kwa sababu kuna watu hulikalia kutwa nzima utadhani wamelinunua. Nililiweka mbele ya kibaraza changu cha ushonaji, karibu na soko la Mtwara, ili wateja wakae wakisubiri suruali zao, na wateja ndio hawapati nafasi. Asubuhi ile ya Januari, mwaka sitini na sita, wenyewe walikuwa wameshafika. Issa Dele, muuza kahawa, alikuwa amechuchumaa na dele lake la kahawa juu ya jiko la mkaa. Salumu Risiti, aliyewahi kuwa karani wa ule mradi wa karanga wa Waingereza, alikuwa na miwani yake ya mkono mmoja. Mohamedi, ambaye tunamwita Redio kwa kuwa hazimiki, alikuwa anatangaza habari za bei ya samaki. Mara akatokea Lourenco Kreni, kuli wa bandarini, karatasi mkononi. Hakusalimia. Mtu asiyesalimia kijiweni ana jambo, nikasimamisha cherehani.

Lourenco: Risiti, nisomee hii. Ni ya ile kampuni ya jasi.

Kampuni tuliijua. Ilikuwa na mgodi mdogo upande wa Lindi, inachimba yale mawe meupe laini yanayotiwa kwenye saruji. Wakala wake alikuwa amekaa nyumba ya wageni wiki nzima akiuza hisa, na alitangaza kwamba leo saa sita mchana anafunga daftari anaondoka.

Issa: Unataka kununua hisa wewe? Kwa hela gani?

Lourenco: Za marehemu Domingo. Mia sita.

Domingo alikuwa kaka yake. Alikufa akaacha mjane, Felismina, na watoto watatu, na mikorosho kule Nanyamba. Kwa desturi ya Wamakonde mali ya watoto hushikwa na mjomba wao, lakini mjomba mwenyewe alikuwa ng'ambo ya Ruvuma vitani, hajulikani kama yu hai. Basi Felismina akauza korosho za misimu miwili, akampa Lourenco, shemeji yake, hela zile amtunzie mpaka mjomba arudi. Alimpa mbele yetu, hapa hapa kwenye benchi langu.

Salumu: Haya. "Faida iliyobakizwa, shilingi elfu themanini na nne."

Redio: Toba! Watu wameshiba mpaka wamebakiza!

Lourenco: Ndivyo alivyoniambia wakala. Kampuni yenye elfu themanini na nne ndani haianguki.

Redio: Itaangukaje? Na mimi najua zilipo. Zimo kwenye sanduku la chuma, chini kabisa ya shimo, zimefukiwa kwa jasi. Mwizi akichimba anatoka mweupe kama unga, polisi wanamjua papo hapo.

Issa: Umeliona hilo sanduku?

Redio: Lingeonekana lingekuwa limefichwa?

Salumu: Redio, hebu punguza sauti. Kreni, nisikilize vizuri. Faida iliyobakizwa si hela iliyolala sandukuni. Kila mwaka kampuni ikipata faida, nyingine wanagawana wenye hisa, nyingine inabaki kazini. Jumlisha zote zilizobaki tangu siku ya kwanza, ndiyo hiyo elfu themanini na nne.

Lourenco: Basi zipo.

Salumu: Zilikuwepo. Zimegeuka vitu. Vitu gani, mstari huu hausemi.

Lourenco akamtazama kama mtu anayesomewa barua ya lugha ngeni. Issa akagonga dele lake kwa kucha.

Issa: Tazama hili. Nilianza na dele la kuazima. Miaka minane napata faida, nusu nakula, nusu nabakiza. Ukiniuliza nimebakiza ngapi, nitakwambia mia mbili, na sisemi uongo. Sasa nishike miguu, nigeuze kichwa chini, unitikise. Haidondoki hata ndururu. Mia mbili zangu ni hili dele, na jiko, na vikombe ishirini.

Mimi: Kumi na viwili. Vinane vimevunjika.

Issa: Ndiyo, lakini kwenye hesabu yangu ni ishirini.

Hakuna aliyecheka. Lourenco alikuwa anajifuta jasho kwa mkono wa shati, na jua lenyewe halijawa kali.

Redio: Mimi nasema wamezigeuza dhahabu. Jasi ni danganya toto! Chini ya jasi kuna dhahabu, na kila mwezi mwandamo inakuja meli ya kupita chini ya maji, inaibukia Ghuba ya Mnazi, inapakia, inazama.

Salumu: Ala! Nyamaza, mtu ana mali ya yatima hapa! Kreni, kuna safu mbili. Mwaka huu elfu themanini na nne. Mwaka uliopita ilikuwa elfu tisini na saba. Imepungua elfu kumi na tatu.

Redio: Si wamegawana.

Salumu: Chini wameandika, gawio hakuna.

Issa: Kama hawakugawana, zimekwenda wapi?

Salumu: Zimeliwa na hasara. Kampuni hii inakula akiba yake. Karatasi nzuri nimezisoma sana mimi. Mradi wa karanga ulikuwa na karatasi nzuri kuliko hii, bandari ikajengwa, reli ikatandikwa, karanga zikakataa kuota. Na reli yenyewe wamekuja kuing'oa. Kreni, wakala alikwambia faida ya nyuma walinunulia nini?

Lourenco: Mashine. Mashine kubwa ya kusagia jasi, kutoka Ulaya.

Salumu: Iko mgodini, inasaga?



Lourenco: Iko bandarini.

Issa: Bandari hii yetu?

Lourenco: Tangu masika ya mwaka juzi. Ushuru haujalipwa. Mimi ndiye naifunika turubai mvua ikija. Meno yake yameshika kutu, nimeyagusa mwenyewe.

Hapo nilipandwa na hasira. Mtu anafunika kutu kwa mikono yake karibu miaka miwili, halafu anakuja kumuuliza karani kama kampuni ni nzima! Nikamwambia saa nne hii, saa sita bado, asithubutu kutoa hata senti, mia sita arudishe kwa mwenyewe. Akainamisha kichwa.

Issa: Kreni. Hujatoa, sivyo?

Lourenco: Nimeuliza tu, jamani. Mtu haruhusiwi kuuliza?

Kabla Issa hajamjibu, akaja mama mmoja kutoka upande wa soko, ana vumbi la basi mpaka kwenye nyusi. Felismina. Akapiga goti kidogo, akatusalimu mmoja mmoja, hata Redio.

Felismina: Shemeji, nimekwenda kwako nikaambiwa uko huku. Mwanao Esta amechaguliwa sekondari! Anatakiwa kuripoti Jumatatu. Nimekuja kuchukua zile za watoto, ninunue godoro, sanduku na sare, na nauli yake.

Salumu akaikunja karatasi taratibu, akaitia mfukoni.

Lourenco: Zipo, shemeji.

Felismina: Najua zipo. Ziko wapi?

Lourenco akaingiza mkono kifuani, akatoa karatasi nyingine, mpya, ina mhuri. Salumu alivyoiona tu akavua miwani. Ilikuwa risiti ya jana.

Lourenco: Zimebaki kwenye kampuni.

Nikaruka kwenye kiti. Nikasema wakala yupo, saa sita bado, twendeni sote tukamshike shati!

Redio: Ile Landrova ya wakala? Nimepishana nayo Mikindani alfajiri, inakwenda Lindi mbio.

Mimi: Na ulikuwa umenyamaza nayo muda wote huu?

Redio: Hamkuniuliza.

Redio ametudanganya mambo mengi maisha yake yote, na hilo moja niliomba liwe uongo. Halikuwa uongo. Felismina akaigeuza ile risiti mbele na nyuma, akauliza kampuni ni nini, na hela za korosho zimeingiaje humo. Salumu akamweleza kwa upole kuliko alivyotueleza sisi. Alipofika kwenye mashine iliyoko bandarini, akamwelekezea kidole upande ule.

Lourenco: Naenda kazini.

Felismina: Kaa. Ulizipokea umekaa hapa hapa.

Akakaa. Felismina naye akakaa kando yake, na hakuna mwanamke aliyewahi kulikalia benchi lile. Issa akainamisha dele mpaka mwisho, kikapatikana kikombe kimoja kisichojaa, akampa yeye. Aliinywa kahawa ile bila kututazama. Nilitaka kumwambia sare nitamshonea Esta bure, lakini godoro na nauli je? Sikumwambia, naona aibu mpaka leo.

Kisha matone yakaanza kulia juu ya bati. Lourenco akainua kichwa, akatazama upande wa bandarini, nusu ameinuka kwa mazoea, nusu amekaa. Hakuthubutu kumaliza kuinuka.

Felismina: Ni ile mashine?

Lourenco: Haijafunikwa.

Felismina: Nenda kaifunike, shemeji. Ni ya watoto sasa.

Akaondoka mbio, mvua ikimpiga mgongoni. Felismina akabaki kwenye benchi langu, kikombe kitupu mkononi, akatuuliza mashine kama ile mtu anaweza kuiuza kabla ya Jumatatu.