Gershom Tsuma, Aliyeingoja Barafu ya Mshtarii

Marehemu Gershom Tsuma alizaliwa tarehe 3 Machi 1956 huko Kaloleni, mtoto wa kwanza wa mzee Tsuma na mama Kadzo, ambao wote wametangulia. Aliyemfuata na wa mwisho ni baba yangu, Changawa. Marehemu alikuwa akisema kwamba baada yake, wazazi walichoka.

Kamati ya mazishi imeniomba niandike kuwa marehemu alikuwa mtu wa watu, mpole, mwenye tabasamu kwa kila mmoja. Sijui kamati ilikuwa ikimzungumzia nani. Marehemu aliwadharau watu kwa usawa, bila kuangalia kabila, dini wala cheo. Wengi mlioketi hapa aliwahi kuwaambia usoni kwamba huko mnakofanya hakuitwi kufikiria. Mimi, niliyeiacha diploma ya umeme katikati, aliniita Nusu Mkate mpaka wiki aliyokufa.

Alisoma Kaloleni hadi darasa la saba, mwaka 1971. Inasemekana mwalimu wa sayansi aliwaambia barafu ni maji yaliyolala, naye akauliza nani huyaamsha. Alichapwa. Mwaka 1974 alikuja Changamwe, akajifunza ufundi wa friji katika karakana moja ambayo siku hizi ni duka la mitumba. Kuanzia 1979 hadi 2011 alikuwa fundi wa friji katika hoteli moja ya Nyali, na mashine ya barafu ya hoteli ile ilikuwa ndiyo dini yake. Watalii walipiga picha za bahari. Yeye aliipa bahari mgongo na kusema hiyo ni barafu iliyoshindwa na kazi. Alipostaafu alifungua banda Bombolulu, akawa anatengeneza friji za watu huku akiwatukana kwa namna wanavyofunga milango.

Tarehe 20 Agosti 1983 alimuoa mama Florence, hapa alipo. Siku ya kupeleka mahari aliletewa soda. Akaishika chupa, akairudisha mezani, akamwambia mkwewe, "Mzee, binti yako nimemkubali. Soda hii siwezi." Wazee wakasimama waondoke. Mama Florence ndiye aliyekwenda kwa jirani kutafuta soda baridi, na ndoa ikapona. Anasema laiti angalijua, angaliiacha soda vilevile.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kamati ilitaka niliruke.

Marehemu alikuwa amesikia redioni kwamba Wamarekani wanatuma chombo kisicho na mtu ndani kwenda kuchunguza mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii, mwezi unaoitwa Europa, ambao wote umefunikwa na barafu, na chini ya barafu inadhaniwa kuna bahari. Mtu ambaye hakuwahi kukubali kwenda hata kuona maonyesho ya kilimo alianza kutembea akitabasamu peke yake. Kwa mara ya kwanza kuna watu walifanya jambo akaliona lina akili.

Tarehe 10 Oktoba 2024, siku chombo kilipotarajiwa kurushwa, alitoa televisheni nje, hapa hapa uwanjani kwake Mishomoroni, akapoza makreti ya soda, akaualika ukoo mzima. Mlikuja. Soda mlikunywa. Kisha ikatangazwa kwamba kuna kimbunga huko kwa Wamarekani, safari imeahirishwa. Mlicheka mpaka kuku wakakimbia. Aliyecheka kuliko wote ni baba yangu, mzee wa kanisa, mwenye tuktuk.

"Kaka, roketi nayo yaogopa mvua? Mimi na tuktuk yangu hatuogopi!"

"Changawa, wewe huogopi kwa sababu huna pa kwenda."

"Na wewe umeshinda ndani ya friji hadi ubongo umeganda. Hilo dude haliendi popote!"

"Litakwenda. Wewe ndiye utakayebaki hapa na soda yangu mkononi."

Watu wakaacha kumcheka marehemu, wakamcheka baba yangu. Hilo hakuliweza. Akachukua kikombe cha maji, akapiga funda, akatema chini mbele ya wote: "Mimi Changawa wa Tsuma, sisemi nawe tena mpaka dude lako lifike huko kwenye barafu!"

Kwetu mnajua maana yake. Neno la hasira lililotemewa maji halifutwi jikoni kwa kupeana mikono. Aliyelitema hulifungua mwenyewe kwa maji, mbele ya wale wale waliolisikia, na likiwa na sharti, sharti litimie kwanza. Marehemu akamtazama, akasema, "Maji nimeyaona." Basi.

Chombo kiliruka Jumatatu tarehe 14, saa moja ya usiku. Nyinyi hamkuwepo. Marehemu na mama Florence walitazama wawili. Mama anasema moto ulipowaka marehemu alisimama wima, akavua kofia.

Jumapili iliyofuata baba yangu alitoka kanisani, akaja na jogoo wa kupatana. Alidhani mbinguni ni kama Malindi, siku ngapi hizo. Akasimama mlangoni, akamwambia mama Florence:

"Shemeji, hebu muulize, limefika?"

"Mwambie bado," marehemu akajibu kutoka kwenye kiti, hatua chache kutoka hapo. "Kitafika Aprili."

Baba yangu akarudi na jogoo wake. Akangoja. Akawa anapita uwanjani akiusalimia mlango, ukuta, mbuzi, chochote kilichokuwa karibu na kaka yake. Aprili ilipofika akarudi, na jogoo mwingine, maana yule wa kwanza alishaliwa.

"Shemeji, Aprili ndiyo hii. Muulize."

"Mwambie Aprili ya elfu mbili na thelathini."

Baba yangu alikaa chini palepale. Marehemu hakuwahi kucheka vile. Na alipokuwa akicheka ndipo mama Florence alipoiona miguu yake imevimba.

Ilikuwa figo. Toka mwezi huo alipelekwa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na aliyempeleka ni baba yangu, kwa tuktuk, bure, kimya. Niliwahi kupanda nao. Baba yangu alikuwa akiongea na kioo: "Abiria wa nyuma akishika chuma, itamfaa." Marehemu naye alikuwa akiongea na turubai: "Dereva akiyaona mashimo kabla hajayaingia, itatufaa sote." Watu wazima wawili. Mmoja anakufa na wote wanajua.

Wazee wa ukoo walikuja kumbembeleza marehemu aseme tu kwamba chombo kimefika, sharti litimie, ndugu wafunguane. Aliwafukuza. "Hakijafika! Niseme uongo juu ya kitu pekee cha maana walichofanya binadamu, kwa ajili ya mtu aliyekicheka?" Wazee walikunywa chai, wakaondoka wakisema wamejitahidi. Hawakujitahidi. Chai ilikwisha.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 11 Septemba 2025, marehemu alizidiwa nyumbani. Baba yangu alikuwa barabarani Bombolulu akihangaika na gurudumu la tuktuk lililopasuka. Marehemu alimwita mama Florence.

"Mwambie kimefika."

"Kimefika nini, baba Gladys?"

"Chombo. Mwambie kimefika, na barafu ipo."

"Lakini si ulisema bado miaka—"

"Florence, tangu lini ukawa fundi?"

Hakusema tena. Gurudumu lilipotengenezwa, baba yangu alifika akakuta kitanda kimefunikwa. Alilia kwa sauti, lakini akiuelekea ukuta. Hata siku hiyo hakumtaja kaka yake kwa jina, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuwa kimefika. Mama Florence alinyamaza makusudi. Mimi aliniambia neno lilifungwa mbele ya watu hawa, basi na wasikie wote.

Marehemu ameacha mjane, mama Florence, watoto wawili, Gladys na Ishaka, wajukuu watatu, friji kumi na moja za wateja pale Bombolulu, ambazo wenyewe waje wazichukue, na ndugu mmoja, Changawa, ambaye kaka yake alimdharau maisha yake yote, na ambaye kwa ajili yake huyo huyo alisema uongo wake wa kwanza kuhusu barafu.

Baba, simama. Ujumbe wako umechelewa kidogo, lakini ni wako: kimefika, na barafu ipo. Kikombe cha maji ni hicho hapo mezani. Kina barafu, kwa sababu mama amesema marehemu hangekubali maji ya moto. Wote waliokuona ukitema wako hapa, na leo hakuna anayecheka.

Sema naye. Kisha tumwache apumzike.