Masanduku Arobaini na Moja ya Mzee Limetokawapi

Wasifu huu unasomwa na binti pekee wa marehemu, mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye aliyeuandika. Mama yake alimwomba auandike kwa upole. Amejitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1947, katika nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Bibi, mkunga huyo, alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema, na alipoanza hakunyamaza tena.

Aliingia shule Januari 1955. Kiingereza alikipenda, ila kujua maana ya neno hakukumtosha. Alitaka kujua limetoka wapi. Akiwa darasa la sita, mwalimu alifundisha kwamba "pyjamas" ni neno la Kiingereza asilia. Marehemu alinyoosha kidole akasema hapana, Waingereza walilichukua India, na huko nako lilitoka kwa Waajemi; aliambiwa na mzee aliyekuwa akimuuzia baba yake vitambaa. Alichapwa viboko vinne. Siku hiyo wenzake walimpa jina la Limetokawapi, na la Mzee likaongezwa na umri.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa kuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, akakaa huko mpaka alipostaafu mwaka 2004. Meza yake ilikuwa kando ya mashine ya kukatia karatasi, na mabaki ya kadi ngumu ndiyo aliyoandikia maneno yake. Kila kadi ilikuwa na neno moja la Kiingereza, lugha lilikotoka, tarehe, na mstari wa shahidi. Lazima mtu mwenye kulijua neno kutoka kwao athibitishe na kutia saini. Kadi isiyo na saini haihesabiki, hata iwe imeandikwa vizuri namna gani. Mabaharia walisainishwa, wauza mazulia walisainishwa, na daktari mmoja mgeni wa meno alisainishwa huku koleo liko mkononi.

Alifunga ndoa na muuguzi tarehe 6 Desemba 1975. Alipokwenda kujitambulisha ukweni aliulizwa kilichomleta. Akapapasa kiti alichokalia, akaanza kueleza jinsi Waingereza walivyolipata neno "sofa" kutoka kwa Waarabu. "Nilidhani ni woga wa siku ile," mama husema. "Kumbe ndivyo alivyoumbwa."

Kadi zilijaa masanduku ya viatu arobaini na moja, kila lugha na masanduku yake. Na kwa kuwa masanduku yalikuwa na mpangilio kuliko kitu chochote nyumbani, marehemu aliingiza humo karatasi zote za familia. Hati ya nyumba iliwekwa Kihindi, kwa sababu ya "bungalow", na nyumba yenyewe ni vyumba viwili na veranda inayovuja. Ukimwambia kwamba mtu mwenye akili timamu haweki hati hivyo, alikujibu, "Imepotea? Haijapotea. Iko mahali pake."

Tarehe 21 Novemba 2009 binti yake alihitimu chuo kikuu, wa kwanza katika ukoo. Marehemu alivaa suti mapema, akapanda basi. Njiani, dirishani, akamwona mhandisi Mchina akiingia duka la vifaa vya ujenzi. Akashuka. Neno "ketchup" lilikuwa limekaa miaka minane bila saini. Alifika ukumbini viti vikikusanywa, na maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: "Mwanangu, ulikuwa mchuzi wa samaki. Haukuwa na nyanya hata moja."

Tangu siku hiyo kati yake na binti ilikuwa shikamoo, marahaba, basi. Wiki iliyofuata marehemu alimwambia, "Nimekuandikia. Iko mahali pake." Binti alijisemea, na anakiri mbele yenu, kwamba hatapekua takataka za mzee ili aombwe radhi. Kama ana neno, alitamke. Hakulitamka, naye hakulitafuta, na miaka kumi na minne ikapita hivyo.

Mwaka 2016 alipatikana na kisukari. Daktari alimkataza sukari, naye akamweleza safari ya neno "sugar": lilivyotoka India, likapita Uajemi, likapita kwa Waarabu. "Mzee," daktari alisema, "mimi ninachotaka ni lisipite kwako." Mei mwaka huu figo zilishindwa. Wakati wa kumpeleka hospitali kadi ya bima haikuonekana, nyumba nzima ikapinduliwa, na mgonjwa akanong'ona, "Tazameni Kifaransa." Ilikuwepo, kwa sababu ya "insurance". Alifariki tarehe 3 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Kibali cha mazishi kilitaka cheti cha kuzaliwa. Marehemu hakuwepo tena wa kuulizwa lugha, kwa hiyo binti alikaa sakafuni siku mbili, akifungua sanduku moja baada ya jingine na kumlaumu kwa sauti. Cheti hakijaonekana mpaka leo. Tumezika kwa kiapo. Lakini katika sanduku la tatu la Kiarabu alikuta kadi ya "algebra", somo analofundisha kila siku. Ina tarehe 22 Novemba 2009, kesho yake baada ya mahafali. Imeandikwa: "Al-jabr. Kuunga kilichovunjika. Jana nilivunja, mwanangu, na kuunga sijui. Nisamehe." Chini yake: "Shahidi: binti yangu, akiridhika." Mstari ulikuwa mtupu.

Binti alikasirika sana. Miaka kumi na minne, mita sita kutoka kiti alichokuwa akikalia kila akija kusalimia. Alikasirika, kisha akalia, na hajui hata sasa ni lipi lilianza.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, mkwe, wajukuu wawili, kaka yake fundi saa, na masanduku arobaini na moja, ambayo mjane amesema hayatoki ndani ya nyumba ile. Kadi moja haimo tena humo. Iko mfukoni mwa shati alilozikwa nalo, na asubuhi ya leo imetiwa saini.

Alale salama, Mzee Limetokawapi. Inahesabika.