Historia ya Marehemu Tryphena Pruitt, Aliyekataa Kuitwa Amelala

Ndugu waombolezaji, nanyi wazee wa Jumuiya msiopenda kuitwa waombolezaji, marehemu mama yetu Tryphena Pruitt alizaliwa tarehe 14 Machi 1846, kijijini karibu na Brocton, jimbo la New York, mtoto wa tatu wa mtengeneza jibini, akasoma shule ya hapo hapo hadi mwaka 1861, kisha akafundisha watoto kusoma, kazi aliyoiacha na kuirudia, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutulia.

Tarehe 2 Juni 1867 alifunga ndoa na Asahel Pruitt, seremala, wakajaliwa binti mmoja, Mercy, ndiye mimi ninayewasomea. Mwaka 1875 walimfuata Baba Lemuel, kiongozi wa Jumuiya yetu ya dini, hadi bonde hili la California, wakalima mizabibu pamoja na Jumuiya, na kwa kuwa Baba alifundisha kwamba kila mtu ana mwenzi wake mbinguni, mume na mke walipewa nyumba tofauti, naye mama hakukosa sababu ya kupita karakana ya useremala, hata wanawake wakamtania, "Dada Tryphena, umekuja kutafuta mbingu au kumchungulia mumeo?" naye akajibu, "Vyote, dada, ila mbingu bado haijatokeza dirishani."

Tarehe 9 Oktoba 1889 Asahel alianguka kutoka paa la ghala la mvinyo, akafa, lakini kwetu ilisemwa kwamba aliyepata pumzi mpya, yaani aliyeingia imani yetu, hafi, hulala tu, kwa hiyo alifukiwa bila alama, mama akakatazwa nguo nyeusi na machozi, na kila adhuhuri akaamriwa kumpakulia mumewe sahani mezani. Alipakua majira yote ya baridi, mwenyewe akila kwa shida, akizungukazunguka mizabibuni kama aliyepoteza kitu, mpaka siku moja alipoivuta sahani ile, akaimaliza mbele ya Baba Lemuel, akasema, "Asahel amekufa, na mimi nina njaa." Alihamishiwa nyumba ya kufulia, akafua hapo hadi uzeeni, radhi hakuomba.

Januari mwaka huu wa 1904 alishikwa na homa ya mapafu, akaniita, akasema, "Mercy, mkiwaambia watu nimelala, nitaamka niwachape," na Jumatano tarehe 10 Februari, alfajiri, akafa.

Tunamshukuru daktari aliyevuka mto uliofurika, majirani wa ng'ambo waliochimba kaburi baada ya ndugu zetu wa Jumuiya kukataa kushika jembe, na wenzake wa nyumba ya kufulia waliomwosha. Wazee, nasikia mnavyoguna, guneni tu. Baba yangu nilikatazwa kumlilia, nikatii miaka yote hii. Pumzikeni kwa amani, Mama na Baba, leo nawalilia nyote wawili.