Machibya Achaguliwa Pikipiki

Benchi letu lipo ng'ambo ya duka la pikipiki, si mbali na stesheni ya Mpanda. Ni taruma la reli lililolazwa juu ya matofali, na hakuna anayesema lilifikaje hapo. Halfani anauza kahawa pembeni yake, birika moja kila asubuhi. Likiisha, kikao kimefungwa. Wa kudumu ni wawili. Bashiru anaitwa Injinia kwa sababu anatengeneza redio. Leonidas, dereva wa bodaboda, anaitwa Trafiki kwa sababu amesimamishwa na trafiki mara nyingi kuliko mtu yeyote mjini. Tangu Machi mguu wake wa kulia una vyuma ndani, na anayeuliza anajibiwa "ajali kazini". Ijumaa iliyopita alikuja Machibya, mfugaji wa Kisukuma kutoka kijiji cha Kakese. Nje ya duka zilikuwa zimesimama pikipiki mbili, fupi na ndefu, naye alitaka kujua anunue ipi. Mke wake, Lucia, ana mimba ya miezi saba. Siku ikifika, Machibya anataka kumleta hospitali mwenyewe. Hajawahi kuendesha kitu zaidi ya baiskeli na mkokoteni wa maksai.

— Ndefu, alisema Injinia kabla mgeni hajakaa vizuri. Ile fupi ni ya walimu.

— Walimu wamekosa nini? aliuliza Halfani.

— Hawana haraka.

Machibya alishika kikombe kwa mikono miwili.

— Ile ndefu nimeikalia. Miguu inaning'inia.

— Kwani utaendesha kwa miguu? alisema Trafiki. Chuma kikishatembea, mambo ya chini hayakuhusu.

— Na kikisimama?

— Usiwe unasimama simama.

Injinia alisogea karibu naye kwenye benchi, kama anavyofanya akitaka kutoa somo.

— Sikiliza, kaka. Cc, ukubwa wa injini, ni kama sauti ya redio. Ukiwa na cc nyingi, hata shimo unaliruka juu kwa juu. Tairi halipati muda wa kuingia.

— Mashimo ya njia ya kwetu ni mapana.

— Basi ongeza mwendo. Ni fizikia hiyo, siyo mimi.

— Mwache kwanza na fizikia, alisema Trafiki. Msukuma wangu, ukishanunua tu, hapo hapo dukani, legeza breki ya mbele.

— Kwa nini?

— Inapindua. Ukiigusa, wewe unatangulia, pikipiki inakufuata. Sisi kijiwe kizima tumelegeza.

— Na ya nyuma nayo usiizoee, alisema Injinia. Inakula tairi. Ukifika mteremko unazima injini, unaacha kitu kinateleza chenyewe. Mafuta unayakuta yamebaki.

Machibya alikuwa anahesabu kwa vidole ili asisahau.

— Na vile vioo?

— Ng'oa, alisema Trafiki. Dereva akiangalia nyuma anapata wasiwasi.

— Bakiza kimoja, alisema Injinia. Cha kunyolea ndevu.

— Na helmeti?

— Ah, helmeti lazima! Trafiki alisema kwa ukali, na Machibya akaonekana kupumua. Hiyo haina mjadala. Unaitundika hapa mkononi. Ukiona trafiki mbele, unavaa.

— Na mke wangu?

— Mjamzito trafiki hamsimamishi.

Halfani aliguna. Haikujulikana kama ni kicheko.

— Jaketi unalivaa mbele nyuma, aliendelea Trafiki, zipu iwe mgongoni. Upepo hauingii kifuani. Shemeji yetu akishapanda anakufungia.

— Na kujifunza? Wanasema kuna shule ya udereva.

— Shule ya nini? Leo jioni tu, uwanja wa mpira, nakupa gia zote. Kesho unarudi Kakese na watu wanakupisha. Leseni itakuja ukishazoea barabara.

— Wewe nani alikufundisha? aliuliza Halfani.

— Nilijifundisha mwenyewe.

Halfani aliutazama ule mguu, kisha akamjazia kikombe.

Lucia alifika kutoka sokoni akiwa na kikapu, mkono mmoja kiunoni. Alimwamkia Halfani, akawasalimu wengine. Injinia alisimama kumpisha akae, na Machibya akamweleza yote kwa furaha: wamekubaliana ndefu, breki ya mbele inalegezwa, vioo vinatoka, leo jioni anafundishwa. Lucia alisikiliza mpaka mwisho. Aliitazama pikipiki ndefu ng'ambo ya barabara.

— Sisi kwetu maksai mpya tunamfundisha kwanza kusimama, alisema. Kwenda hana shida, anakwenda mwenyewe. Sasa hiyo, mimi nimekaa nyuma na tumbo hili, ng'ombe akatukatizia pale Kakese. Inasimamaje?

Injinia aliinua kidole, akakishusha.

— Inategemea.

— Inategemea nini?

— Ng'ombe mwenyewe.

Lucia alimgeukia Trafiki.

— Wewe ndiye dereva, shemeji. Ya kwako inasimamaje?

Trafiki aliuvuta mguu wa kulia, akauingiza chini ya taruma. Machibya alimsubiri, kidole chake kimoja bado kimekunjwa kwenye hesabu. Halfani aliinamisha birika juu ya kikombe cha Lucia. Ikatoka kahawa nusu kikombe na machicha.

— Imekwisha, alisema.

Machibya aliutia mkono mfukoni na kuvuka barabara. Tulimwona akiikalia ile fupi, nyayo zote mbili chini. Aliisukuma mbele kidogo, akakamata breki. Ikasimama. Akaisukuma tena, akakamata tena, kama mara sita. Lucia aliingia dukani, akatoka na helmeti mbili. Ya kwanza aliijaribu yeye.

— Wanawake waoga sana, alisema Injinia.

Hakuna aliyemwitikia. Trafiki aliinuka, akachechemea mpaka kwenye pikipiki yake iliyoegeshwa kando ya mtaro. Alibana breki ya mbele. Mkono wa breki ulifika mpaka mwisho bila kukamata kitu.

— Injinia, alisema bila kugeuka. Una spana?

— Ya nini?