Shangazi Aliyewavua Abiria Viatu

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika chumba cha kungojea abiria cha stesheni yetu, Shangazi anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe imenipa mimi wa dirisha la tiketi kazi ya kuandika wasifu wake, kwa hoja kwamba nimekaa naye ukuta kwa ukuta kuliko mtu mwingine yeyote. Hoja hiyo ni ya kweli. Ukuta wenyewe ni mwembamba, na sauti ya Shangazi mnaijua.

Jina lake kamili limeandikwa kwenye cheti atakachokabidhiwa, na wengi wetu tutalisoma hapo kwa mara ya kwanza. Hapa kila mtu anamwita Shangazi, kuanzia mkuu wa stesheni hadi wachukuzi wa mizigo. Hata abiria wageni hujikuta wakimwita hivyo bila kuambiwa. Akishakutazama kuanzia utosini hadi unyayoni, akakuuliza kama umekula na kwa nini umekonda, unajua huyu ni dada wa baba yako, hata kama baba yako alizaliwa peke yake.

Alianza kazi akiwa msichana mwembamba. Hayo ni maneno yake, nasi kwa heshima tumeyapokea. Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kufungua chumba asubuhi, kukagua tiketi mlangoni, kupanga viti na kuhakikisha pipa la maji ya kunywa halikauki. Kuamsha watu hakukuwemo. Hilo alijitwisha mwenyewe, kama anavyojitwisha mambo mengi yasiyomhusu.

Kwa wasiokifahamu chumba kile, niseme tu kwamba kina raha ya hatari. Madirisha yanaelekea upande wa upepo, kuta ni nene, na mabenchi yana mito iliyoshonwa na mumewe, ambaye ni fundi cherehani na hajui kushona kitu kigumu. Abiria aliyechoka, akiegemea mto ule, habari yake imekwisha. Zamani watu walikuwa wakiachwa na treni pale mara kwa mara. Walimwomba Shangazi awaamshe, naye alikubali kwa moyo mmoja, kisha akaamsha wasiohusika. Kuna bwana aliamshwa kwa treni tatu mfululizo, ilhali yeye alikuja kumpokea mkewe tu.

Ndipo Shangazi akabuni utaratibu wa viatu. Anayetaka kulala anavua kiatu cha kushoto na kumkabidhi. Yeye anakipanga kwenye rafu iliyo mbele ya meza yake, treni ya kwanza kuondoka upande huu, ya mwisho upande ule. Treni ikitangazwa, anabeba viatu vya treni hiyo na kupita kwenye mabenchi akitafuta miguu yenye haki navyo. Hahitaji jina wala sura, na hana wasiwasi kwamba abiria ameshaondoka kimyakimya, maana ni nadra mtu kupanda treni na kiatu kimoja.

Si wote waliolipenda jambo hilo. Abiria mmoja aliandika kwenye karatasi ya maoni kwamba viwanja vya ndege vimewahi kumvua mkanda, saa na koti, lakini hakuna aliyewahi kumvua kiatu halafu akamtangazia mbele za watu kwamba soksi yake imetoboka. Hapa lazima tukubali udhaifu wa mwenzetu. Soksi iliyotoboka Shangazi hawezi kuinyamazia. Kwenye droo yake huwa na sindano na uzi, na wako waheshimiwa waliopanda treni kutoka hapa wakiwa na soksi zilizoshonwa na mtumishi wa umma.

Ajali ilitokea mara moja, nayo Shangazi huidai kuwa mafanikio. Vijana wawili walilala wakiwa na viatu vyeusi vya aina moja, mmoja wa treni ya kaskazini, mwingine wa kusini, na viatu vikabadilishana njia. Yule wa kaskazini aliingia kwenye usaili wa kazi na viatu visivyo ndugu, cha kulia kikimkaa sawa, cha kushoto kikimbana. Kazi alipata. Aliporudi kufuata kiatu chake alimletea Shangazi zawadi ya kanga, na tangu siku hiyo ukimkumbusha kosa lile anakuuliza wewe umemtafutia kazi kijana wa nani.

Abiria wa daraja la kwanza wana chumba chao ghorofani, chenye zulia, makochi ya ngozi na mashine ya kahawa inayonguruma kuliko injini. Mabwana wengi walipanda juu wakanywa kahawa yao ya bure, kisha wakashuka kwa Shangazi na kiatu mkononi, kulala kwenye benchi. Msimamizi wa ghorofani aliona wivu, akaiga. Wageni wake wakadhani ni huduma ya kupiga viatu rangi. Walitoa vyote viwili na wakakasirika viliporudi bila kung'aa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo Shangazi ameniruhusu kuliandika, kwa sharti kwamba nisitie chumvi. Nitajitahidi.

Miaka sita iliyopita, Shangazi alianza kupaza sauti. Tulidhani ni umri umemwongezea ukali, tukavumilia. Kisha fundi umeme aligundua kwamba kipaza sauti cha chumba cha kungojea kilikuwa kimekufa kwa siku kadhaa, na Shangazi, ambaye balbu ikipepesa tu anamfuata fundi hadi msalani, hakusema kitu. Fundi alimnong'oneza mfagizi, mfagizi akaja dirishani kwangu. Tukaanza kumchunguza. Ukimsemesha akiwa anakutazama anajibu vizuri. Ukimsemesha akiwa amekupa mgongo, umejisemesha mwenyewe.

Tulielewa maana yake. Sheria zetu ni kwamba mtumishi wa eneo la abiria lazima asikie matangazo, asiyesikia anaondolewa. Wakati huo binti yake wa mwisho alikuwa bado chuoni akisomea uuguzi. Na hata bila binti, tulijua kumwondoa Shangazi kwenye chumba kile ni kumvunja. Basi tukafanya tulichofanya, bila kikao wala kupeana mkono. Kila treni ilipokaribia kutangazwa, mtu mmoja alipata shughuli ya ghafla kwa Shangazi. Mfagizi alifagia chumba kile mpaka vigae vikafifia maua. Wachukuzi wakashikwa na kiu isiyoisha. Mimi nilikwenda kuomba pini mara nyingi kiasi kwamba nadhani alifikiri nimeacha tiketi nimekuwa mshonaji. Ukiingia, unasimama mbele yake na kutaja treni kana kwamba unajisemea, yeye anakusoma midomo, na mkono wake unakwenda kwenye rafu.

Shukrani tulizopata ni matusi ya heshima. Shangazi alituita wazururaji. Alisema tumegeuza chumba chake kijiwe. Mwishowe alikwenda kutushtaki kwa mkuu wa stesheni, na mkuu akatupanga mstari ofisini kwake akatupa onyo kali juu ya uvivu kazini. Tulisimama pale kama watoto walioiba sukari, tukaitunza siri. Mfagizi alitoka akilia, na kesho yake akaenda tena kufagia.

Kisha ikaja siku ya mafunzo ya kuzima moto. Tuliitwa wote uwanjani nyuma ya stesheni kumwagia povu pipa linalowaka, na kila mmoja wetu aliamini kuna mwenzake amebaki. Treni ya mchana ya kusini ikatangazwa, ikapakia, ikaondoka. Tuliporudi, Shangazi alikuwa amesimama mbele ya rafu akitazama kiatu kimoja cha kike, cha kahawia.

Mwenye kiatu alikuwa bibi mmoja aliyekuwa akienda kwa binti yake. Binti alikuwa amelazwa, na upasuaji wake ulipangwa jioni ileile. Bibi alitaka kumshika mkono kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, basi, hicho tu ndicho kilichompeleka. Alipoamka akajua treni imekwenda, hakugomba. Aliuliza nyingine ni saa ngapi, na alipoambiwa ni ya usiku, alikaa chini akafunika uso kwa ncha ya mtandio wake.

Shangazi hakungoja ushauri wa mtu. Alimshika bibi mkono, akatoka naye mbio hadi kwa dereva wa teksi aliyezoea kulala kwenye maegesho yetu, akamwamsha bila kumvua kiatu, na wakaikimbilia treni hadi stesheni inayofuata, ambako husimama muda mrefu kubadilisha injini. Waliikuta inaanza kusogea. Mlinzi wa treni alimvuta bibi ndani ya behewa la nyuma. Ndipo Shangazi alipogundua kwamba kiatu bado anacho yeye, kwapani. Dereva anasimulia kwamba mama yule, mwenye mwili aliojaliwa, alikimbia sambamba na treni na kukirusha dirishani, kikampata abiria mwingine kifuani. Tunaomba radhi kwa abiria huyo. Bibi aliwahi. Alipiga simu wiki iliyofuata kusema mkono alimshika na binti anaendelea vizuri.

Lakini Shangazi aliporudi jioni ile hakuwa wa kutaniwa. Aliuliza kama treni ilitangazwa. Tukamjibu ndiyo. Aliuliza mara ngapi, tukamwambia mara tatu. Asubuhi alikwenda kwa mkuu wa stesheni mwenyewe, kabla hata ya kufungua chumba, akamwambia masikio yake yamekwisha, amwondoe leo kabla hajamkosesha mtu mwingine mkono wa mwanawe. Mkuu alimvutia kiti. Kisha akamuuliza wazururaji wale huwa wanaingia chumbani kwake saa ngapi. Shangazi alianza kueleza, na katikati ya maelezo akaelewa, akalia palepale mbele ya meza.

Mkuu hakumwondoa. Alimpeleka hospitali kupimwa, akaandika kwa wakubwa kumwombea kifaa cha kusaidia kusikia, na kwa majuma yote ya kungoja akabandika ukutani zamu rasmi ya kuingia chumba cha kungojea. Uvivu wetu ukawa kazi yenye saini. Siku kifaa kilipofika, Shangazi alisimama chini ya kipaza sauti jukwaani akasikiliza matangazo ya treni zote za asubuhi, moja baada ya nyingine, huku machozi yanamtoka. Halafu alipanda ngazi hadi kwa mtangazaji, akamkumbatia, akamwambia ana sauti nzuri sana na kwamba anasoma haraka mno.

Hasara ilikuwa yetu. Tulikuwa tumezoea kumsema akiwa palepale. Fundi umeme, ambaye alikuwa na maoni marefu kuhusu mwendo wa Shangazi akiwa amebeba viatu, na mluzi wa kuusindikiza, alisikika siku ya kwanza tu, na mpaka leo hapiti mlango ule akipiga mluzi.

Kwa hiyo, Shangazi, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa soksi, kwa makelele, kwa maelfu ya watu waliofika kwenye mazishi, harusi, mitihani na vitanda vya wagonjwa wao kwa sababu mtu aliwatikisa bega kwa wakati. Sisi uliotuita wazururaji tulikupenda na tunakupenda.

Lipo la mwisho, na hili hukuniruhusu kwa sababu hulijui. Wiki iliyopita mzee wako, fundi cherehani, alikuja dirishani kwangu. Nilidhani anataka tiketi. Alisema ukifika nyumbani unavua kifaa na kukiweka kwenye kopo juu ya kabati hadi asubuhi. Alipokuuliza ulimwambia betri zake hazipatikani kirahisi, unaziwekea akiba, zisije zikaisha abiria akiwa amelala. Hakukubishia. Amekuwa akikusimulia mambo jioni, nawe unaitikia kwa kichwa huku ukikunja nguo, naye anajua husikii, lakini anaendelea kusimulia. Aliona aibu kuniambia. Aliniomba tu nitafute namna.

Namna niliyoipata ndiyo hii. Kwenye meza ya zawadi utaona boksi lililofungwa karatasi ya buluu. Si saa ya ukutani, wala si seti ya vikombe. Ni betri, za ukubwa uleule, na fundi umeme ameapa kukuletea nyingine kila zitakapokaribia kuisha, mradi uache kumkumbusha ile habari ya mwendo. Huna abiria tena wa kuwawekea akiba. Ukifika nyumbani leo, usikivue.

Tunakutakia mapumziko mema, afya, na jioni ndefu. Mzee anasema ana habari za miaka sita, na ataanza na zile za zamani.